Upuuzi Ninaoupenda

Hapana mtu anayedharauliwa kwa maneno ya adabu kama mtu apendaye katuni, nyimbo na hadithi za picha. Mtu wa namna hiyo hatukanwi, huchekewa. Wazee humwambia kwamba amejaliwa kipaji, kisha humwuliza atafanya kazi gani. Mwalimu humsifu kwa bango alilolichora kwa siku ya wazazi, kisha humwadhibu kwa picha ya mkono uleule akiikuta katika daftari. Jirani humwita usiku aje kupiga gitaa arusini, na kulipokucha humwonya mwanawe asifuatane naye. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nimechora kwa miaka mingi, na vilivyonifundisha kuchora ni vitu viitwavyo upuuzi: katuni za sinema, vibonzo vya magazeti na nyimbo za redio. Shutuma juu ya vitu hivi nimezisikia tangu utotoni na nimezinyamazia. Leo sizinyamazii.

Neno langu ni moja. Mapenzi ya kijana kwa katuni, kwa hadithi za picha na kwa muziki si maradhi ya kutibiwa, wala si utoto wa kungojewa upite kama surua. Ni masomo, na masomo magumu. Amnyang'anyaye kijana masomo hayo humdhulumu, hata akiwa na nia njema. Asemaye kinyume chake na alete hoja zake. Mimi naanza kuleta zangu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na daftari la hisabati lenye pande mbili. Upande wa mbele ulikuwa wa mwalimu. Upande wa nyuma ulikuwa wangu. Katika pembe ya karatasi ya mwisho nilichora mwembe wenye embe moja, na chini ya mwembe mtu amelala. Katika karatasi iliyofuata nilichora mwembe uleule na mtu yuleyule, lakini embe limeachana na kikonyo. Katika nyingine embe limeshuka kidogo. Katika nyingine limeshuka zaidi. Vivyo hivyo mpaka likatua juu ya kichwa cha yule mtu. Ukizishika karatasi zile kwa kidole gumba na kuziachia upesi, embe lilianguka kweli, na mtu aliamka kweli. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alichana sehemu ya nyuma ya daftari mbele ya wenzangu, akaitia katika kapu la taka, akasema kwamba hisabati haichorwi.

Mwalimu yule alikuwa na haki moja, nami siifichi. Daftari lilinunuliwa kwa fedha ya baba yangu, na baba yangu hakutoa fedha ile kwa ajili ya embe. Lau mwalimu angesema hivyo tu, ningenyamaza mpaka leo. Lakini alisema neno jingine, na neno lile lilikuwa la uongo.

Nakuomba, msomaji, ulifikiri embe lile kwa makini. Nilipolichora mara ya kwanza, niliacha nafasi sawasawa baina ya embe na embe. Nilipoziachia karatasi, embe halikuanguka. Lilishuka polepole, mwendo wa ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Nilifuta yote nikachora tena. Mara hii nilibana nafasi za juu, nikazipanua za chini, na embe likaanza kuwa na uzito. Nilifuta tena, nikabana tena. Nadhani nilifuta mara sita, hata karatasi nyingine zikatoboka. Hatimaye embe likaanguka kama maembe yote, na mimi sikujua kwa nini.

Sababu niliijua miaka miwili baadaye, katika chumba cha fizikia. Galileo wa Italia alikwisha kuonyesha, karne nne zilizopita, kwamba kitu kiangukacho, kikipimwa kwa vipande sawa vya wakati, hushuka kwa kadiri ya namba witiri: pengo la kwanza 1, la pili 3, la tatu 5, la nne 7, na kuendelea. Jumla ya namba witiri kumi na mbili za kwanza ni 144. Kwa hiyo embe la kuanguka milimita 144 juu ya karatasi, kwa mapengo kumi na mawili, lapaswa kushuka milimita 1 katika pengo la kwanza na milimita 23 katika la mwisho. Sinema hupitisha picha 24 katika sekunde 1, na wachoraji wengi huchora 12 tu, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Embe lililo juu ya tawi la mita tano hufika chini kwa muda wa sekunde moja hivi. Yaani embe la picha kumi na mbili ni embe la mita tano, wala si la mita kumi wala si la mita mbili. Mambo hayo yote yalikuwa ndani ya kapu la taka. Niliposikia maneno ya Galileo nilitaka kusimama nitoke darasani, nikamtafute mwalimu wa hisabati. Sikwenda, maana nilikuwa mwoga. Naandika sasa badala ya kwenda siku ile.

Watu huona katuni ikicheza kwa dakika tano, wakadhani imechorwa kwa dakika tano. Piga hesabu mwenyewe. Picha 12 kwa sekunde ni picha 720 kwa dakika. Dakika kumi ni picha 7,200. Na kila picha ni lazima ifanane na nduguye kwa yote isipokuwa jambo moja dogo, na jambo hilo ni lazima lipimwe. Waweza kumwita mtu afanyaye kazi hiyo kichaa ukipenda. Mvivu huwezi kumwita.

Wengine hukubali hayo, lakini wana neno jingine tayari: kazi hiyo ni ya mataifa yenye mitambo na mali, na kijana wa kwetu aitamaniye hutamani mwezi. Hoja hii husemwa kwa huruma, na kwa sababu hiyo huua wengi. Naijibu kwa mkasi. Lotte Reiniger alikuwa mwanamke wa Berlin aliyejua kukata vivuli vya watu na wanyama kwa karatasi nyeusi. Aliunganisha mikono na miguu yao kwa nyaya nyembamba, akawalaza juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini, akawasogeza kidogo kidogo, na kila walipososogea kamera iliyotundikwa juu ilipiga picha moja. Kazi hiyo aliifanya yeye na mumewe na wasaidizi wachache kwa muda wa miaka mitatu, tangu mwaka 1923 hata 1926, katika chumba kilichokuwa juu ya banda la gari mjini Potsdam. Sinema iliyotoka humo, yenye habari za mwana wa mfalme Ahmed na farasi arukaye, ndiyo katuni ndefu ya kale kuliko zote zilizosalia duniani. Sinema ndefu ya kwanza ya Walt Disney, habari ya Snow White, ilitoka mwaka 1937, miaka kumi na moja baadaye. Tena zingatia alikokwenda mama huyu kutafuta hadithi: alikwenda katika Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo pwani yetu ilikuwa ikizisimulia usiku kabla Berlin haijajua sinema ni nini. Hadithi tulikuwa nazo. Karatasi nyeusi na mkasi havijapata kukosekana Lamu wala Mombasa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kijana kwamba jambo hilo si aibu.

Huko Afrika Kusini yupo William Kentridge, mtu wa Johannesburg, ambaye tangu mwaka 1989 amefanya sinema kwa kipande cha makaa na kifutio. Wenziwe huchukua karatasi mpya kwa kila picha. Yeye huchora juu ya karatasi moja, akaipiga picha, akafuta kidogo, akachora upya, akaipiga tena. Makaa hayafutiki kabisa, hivyo kila kitu katika sinema zake huacha nyuma yake kivuli cha pale kilipokuwa. Alichora nchi iliyojaribu kusahau maovu yake, na karatasi ikakataa kusahau. Nimezitazama sinema zake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara natazama kifutio kuliko makaa. Na huko Niger aliishi Moustapha Alassane, aliyefariki mwaka 2015. Mwaka 1966 alitoa katuni fupi ya rais wa vyura aliyekwenda ziarani katika nchi ya jirani, akapokewa kwa gwaride na hotuba. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru miaka michache tu kabla yake, na tayari kulikuwa na mtu wa kuwacheka wakubwa kwa sura za vyura. Huyo naye alitamani mwezi?

Sasa nije katika hadithi za picha. Shutuma yake ni kwamba mtoto azisomaye hulemaa akili, asiweze tena kusoma kitabu cha maneno matupu. Mimi nasema kwamba asemaye hivyo hajapata kusoma hadithi ya picha kwa utulivu hata mara moja. Tazama visanduku viwili. Katika cha kwanza mzee ameinua bakora, na paka ana samaki kinywani. Katika cha pili paka yu juu ya paa, na bakora imevunjika vipande viwili. Bakora ilimpiga nani? Samaki alikwenda wapi? Kishindo kilitoka upande gani? Hapana lolote katika hayo lililochorwa. Yote yalitendeka katika ule ufa mweupe uliopo baina ya kisanduku na kisanduku, na aliyeyatenda ni msomaji. Kazi hiyo ni sawa na kazi ya kutegua kitendawili, na wazee wetu hawakupata kusema kwamba vitendawili huharibu akili za watoto.

Katika Japani alikuwako Osamu Tezuka. Alisomea utabibu, akafuzu, akapata ruhusa ya kutibu watu. Kisha akachagua kuchora. Hadithi yake ya mtoto wa chuma mwenye moyo wa mtu ilianza kuchapwa mwaka 1952, na tarehe 1 Januari 1963 ikaanza kuonyeshwa katika televisheni kama katuni. Alikufa mwaka 1989, ameacha kurasa zaidi ya laki moja. Utabibu wake haukupotea: hadithi mojawapo iliyopendwa sana, aliyoianza mwaka 1973, ni ya daktari wa kupasua, na viungo vya ndani ya mwili vilivyomo vimechorwa na mkono uliojua mahali pake. Katuni za Kijapani mnazozitazama leo katika simu zimetoka katika mlango alioufungua yeye na wenziwe. Wengi wenu mwajua majina ya mashujaa wa katuni hizo kuliko majina ya mito ya Kenya, wala jina la mtu huyu hamjapata kulisikia.

Na ya kwetu je? Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miaka mingi sana, na wako watu waliojifunza kusoma Kiswahili kwa kumfuata juha yule kabla ya kusoma habari za kwanza za gazeti. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha gazeti lililoitwa Joe, la kuwachekesha watu wa mjini juu ya shida zao wenyewe. Terry Hirst huyohuyo, Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha sanaa asirudi tena kwao, alikuwa na mkono katika vitabu vya Pichadithi vilivyotoka katika miaka ya 1980, vyenye hekaya za kwetu kwa picha. Pichadithi! Sijui jina jingine la sanaa hii lililo zuri kuliko hilo, na ni ajabu kwamba tumeliacha kabatini. Kisha Gado, Mtanzania, akachora katika Daily Nation kwa miaka zaidi ya ishirini tangu mwaka 1992. Wakubwa wa nchi walizisoma picha zake kwa hofu ambayo tahariri haikuwatia.

Hapa mshindani wangu aweza kuniletea hoja nzito, nami nampa nafasi yake. Atasema kwamba hadithi za picha zimetutukana. Ni kweli. Katika mwaka 1930 na 1931 Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, alimpeleka shujaa wake Tintin Kongo. Yeye mwenyewe hakuwa amefika Kongo. Aliwachora watu wa huko kwa midomo minene na akili za watoto, na kitabu hicho kimeuzwa kwa miaka mingi. Nimekisoma, na mkono wake katika kuchora ni mwepisi na mzuri, na jambo hilo laniumiza zaidi. Lakini dawa ya matusi hayo ni nini? Je, ni kumkataza mtoto wa Kiafrika asishike kalamu, ili picha zote za Waafrika ziendelee kuchorwa na watu wasiofika Afrika? Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi mpaka kufa kwake mwaka 2012, alijibu vingine. Alimchora mpelelezi wa Kizungu, Golgoti, akiingia Afrika, na safari hii macho yanayotazama ni ya wenyeji. Na katika Kongo yenyewe, mjini Kisangani, mwaka 1959 alizaliwa Barly Baruti, ambaye amekuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri wa hadithi za picha katika bara hili, tena mwanamuziki apigaye gitaa na kuimba. Tusi hujibiwa kwa kazi bora kuliko lile tusi.

Nimemtaja Baruti mwisho kwa makusudi, maana gitaa lake lanipeleka katika muziki. Watu huniuliza kwa nini mchoraji asumbuke na muziki. Na achore, awaachie wenye ngoma ngoma zao. Wasemao hivyo hawajapata kuhuisha picha. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja katika kila picha 12 za sinema. Taarabu ya mwendo wa pole, yenye mapigo 80, ina pigo moja katika kila picha 18. Mguu wa mtu wa katuni ukikanyaga katika picha ya 20 badala ya 18, mtazamaji hatajua kosa ni nini, lakini atajua kwamba mtu yule si hai. Kwa sababu hiyo mimi huchora nikipiga meza kwa kidole, na wenzangu wa nyumbani wamekwisha kuzoea. Benga imenifundisha kuhesabu kuliko jedwali la kuzidisha: gitaa la mbele hukimbia, gitaa la nyuma hukataa kukimbia, nami hujifunza hapo namna ya kuwachora watu wawili wanaokwenda njia moja kwa haraka mbili.

Yuko mtu aliyeondoa kabisa mpaka baina ya mambo haya mawili. Norman McLaren, Mskoti aliyefanya kazi Kanada, alipaka rangi juu ya utepe wenyewe wa sinema bila ya kutumia kamera, na mwaka 1949 alifanya hivyo kwa kuufuata mpigo wa kinanda cha Oscar Peterson. Tena alifanya jambo la ajabu zaidi: alichora sauti. Sinema za zama zile zilibeba sauti katika ukingo wa utepe kama alama za nuru na giza. Yeye akazichora alama hizo kwa mkono, na mashine ikaimba alichochora. Moustapha Alassane, yule wa vyura, alikwenda Kanada akajifunza kwake.

Lakini katika habari za muziki, dharau yetu ni kubwa zaidi na ni ya kale zaidi, kwa hiyo namleta shahidi ambaye hapana msomaji wa Kiswahili atakayemkataa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi na wakulima. Alichukua vyungu kichwani akaviuza kwa miguu. Waliojiona waungwana walimcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenziwe kutia sauti zao katika santuri, na santuri zile zikavuka bahari zikarudi pwani yote ya Afrika Mashariki na bara pia, lugha ya Kiswahili ikipanda nazo. Alikufa mwaka 1950. Ni nani aliyeandika maisha yake? Shaaban Robert. Mwandishi ambaye insha zake hutolewa kuwa kielelezo cha usafi na adabu ya lugha hakuona haya kukaa chini na kuandika kitabu kizima juu ya mwimbaji, mwuza vyungu. Wanaotumia jina la Shaaban Robert kuwatisha vijana wapenda nyimbo na wakakisome kitabu hicho kwanza.

Atakaye kuona vitu hivi vikikutana katika nyumba moja na atazame Tinga Tinga Tales, katuni zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Zilitengenezwa Nairobi. Sura za wanyama zimetoka katika mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyechora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao, akafa mwaka 1972 kabla ya kuona jina lake likizunguka dunia. Hadithi ni za aina ile ambayo bibi zetu hutusimulia, kwa nini tembo ana mkonga na mengineyo, na nyimbo zake ni za Eric Wainaina. Watoto wa Uingereza walizitazama kabla ya kwenda shule. Ni rangi ya baiskeli, hadithi ya bibi, gitaa la Nairobi na vijana wenye subira. Hivyo ndivyo vitu vilivyoitwa upuuzi kimoja kimoja.

Mpaka hapa mmekuwa mkinishangilia, enyi vijana, maana nimewapiga wazee. Sasa nawageukia ninyi. Wengi wenu mwasema mwapenda katuni, nami siamini. Mtu aliyekaa usiku kucha akitazama sehemu ishirini za hadithi moja bila ya kusimamisha picha hata mara moja akauliza mkono ule umechorwaje, huyo hapendi katuni. Anapenda kusahau masaa. Apendaye wimbo huurudia mpaka ajue gitaa la pili linasema nini. Nami nasikia siku hizi kuna programu za kutoa picha kwa kuandikiwa maneno machache, na kijana mmoja alinionyesha kwa fahari picha nzuri ya simba aliyoipata hivyo. Nikamwuliza simba huyo ana vidole vingapi katika mguu wa mbele. Hakujua, wala hakuwa na haja ya kujua, na hilo tu ndilo lililonisikitisha katika picha ile.

Basi nisimulie habari ya mwisho, maana ndiyo iliyonitia kuandika. Katika mtaala mpya wa Kenya, ulioanza mwaka 2017, mwanafunzi aingiaye sekondari ya juu huchagua njia moja katika tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo. Wanafunzi wa kwanza waliingia gredi ya kumi mwezi wa Januari 2026. Njia ya tatu imeandikwa katika karatasi za serikali sawa na nyingine, lakini katika nyumba nyingi hutajwa kwa sauti ileile itumiwayo kumtaja jamaa aliyefungwa. Baba mmoja, mtu wa heshima, alinijia na bintiye. Binti alitaka njia ya sanaa. Baba aliniomba nimwambie kwamba sanaa haina chakula. Alinichagua mimi, nadhani, kwa sababu aliziona ndara zangu.

Nilimwambia baba ukweli: kwamba wachoraji wengi hufanya na kazi nyingine, kwamba nami nimepaka rangi mabango ya maduka na matatu ili nipate kodi ya nyumba, na kwamba siwezi kumwahidi bintiye mshahara. Alifurahi. Kisha nikayaomba madaftari ya binti. Yalikuwa matatu, yamejaa wasichana wa Kijapani wenye macho makubwa, wote wakitazama mbele, na wote wameficha mikono nyuma ya migongo. Nikamwuliza kwa nini. Akacheka, akasema mikono ni migumu. Nikamwambia, basi hujaanza. Nenda ukamchore mtu mmoja wa nyumbani kwenu akifanya kazi, mikono tu, kila jioni kwa muda wa mwezi, kisha urudi. Baba alifurahi zaidi, akidhani nimemkatisha tamaa.

Walirudi baada ya wiki tano. Binti alikuwa na karatasi thelathini na moja, nyingine nyuma yake ni hesabu za duka la baba. Zote zilikuwa za mikono miwili ikichambua mboga. Ishirini za kwanza zilikuwa mbaya, na vidole vyake kama ndizi. Kisha vifundo vikaanza kukaa mahali pake. Katika ya ishirini na nane kidole gumba kilikuwa kinauvunja ubua wa mchicha, na niliusikia ukivunjika. Baba aliichukua karatasi ile akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hapo alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Huyu ni mama. Kidole hiki alikivunja kwenye kinu, mwaka ule wa njaa."

Binti alisema hakujua kwamba kidole kilivunjika. Yeye alikiona tu kimepinda. Baba aliikunja karatasi mara moja, akaitia katika mfuko wa shati, wala hakunirudishia. Habari ya chakula hakuitaja tena siku ile. Aliniuliza karatasi nzuri za kuchorea huuzwa wapi, nami nikamwelekeza.